Mabuti ya Mabula

Jumatatu, 21 Septemba 1953

Asubuhi kugonga barafu kwenye kamba na vyuma vya sitaha, kama jana. Nyundo ya mbao, si ya chuma. Ya chuma inakwaruza rangi na serahangi, msimamizi wetu wa sitaha, anapiga kelele. Saa tatu uji. Kisha nikakagua shehena ya mbao. Iko sawa, kamba hazijalegea.

Tumeingia kwenye mkono wa bahari unaopenya ndani kabisa ya nchi hii ya Grinilandi. Milima pande zote mbili, mawe matupu, hakuna mti hata mmoja. Ndiyo maana tunawaletea mbao. Mimi seremala wa Keko nimefika mahali ambapo mtu hajapata kukata mti. Maji meusi, yametulia. Milima ya barafu inatupita taratibu, mmoja mrefu kuliko mlingoti wetu. Nimeitazama kwa jicho la kazi. Barafu ina nyuzi kama ubao. Ile nyeupe ni laini, ina hewa ndani. Ile ya buluu ni ngumu, ya siku nyingi. Ningeipiga randa kwa heshima.

Mabula alipanda juu kupumua. Yeye anachochea makaa, na uso ulikuwa umejaa vumbi lake. Akatazama mlima mmoja, akasema, "Wee Mzaramo, bibi yako amekaa pale, kavaa kanga nyeupe, anakusubiri." Nikamwambia nitamzika yeye mwenyewe humu humu, na sitamchimbia, nitamwanika juu kama ng'onda. Tulicheka mpaka tukashika vyuma.

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Watani. Tulianza kutukanana siku tulipoandikwa kazi bandarini Dar, na hatujapumzika. Bila matusi yake nisingefika huku na akili zangu.

Ofisa wa kwanza alitusikia. Alikaa Tanga kwenye mkonge miaka mitatu, Kiswahili chake ni cha kuamrisha. Akaniuliza kwa nini ninatishia kumzika mwenzangu. Nikasema ni utani. Akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Jumanne, 22 Septemba

Mabula amekula tende zangu. Mke wangu Zena alinifungia kwenye kikapu siku ninaondoka Mtoni, na nilikuwa nakula moja tu kila Ijumaa. Zilibaki tisa. Kokwa tisa amezipanga mstari juu ya mto wangu.

Haki yake. Mtani akichukua, huulizi. Lakini nimeumia, sitaficha. Kikapu kile kilikuwa bado kinanukia nyumbani kwangu.

Nimelipiza. Alipokuwa zamu kwenye tanuri nimechukua mabuti yake, yale makubwa yenye manyoya ndani. Kila mtu alipewa jozi moja tu. Nimeyatia kwenye sanduku langu la zana, chini ya randa. Nikamwambia: ukiyataka, njoo useme "bwana wangu" mbele ya watu. Akasema labda awe maiti. Vizuri. Tutaona nani atachoka.

Jumatano, 23 Septemba

Tumetia nanga mwisho wa ghuba. Kijiji kidogo, nyumba za mbao zimepakwa nyekundu na manjano, mbwa wengi kuliko watu. Hospitali ya vitanda vichache na daktari mmoja. Hakuna gati. Mbao zinashushwa kwenye mashua, mashua zinasukumwa mpaka ufukoni, na watu wanasimama majini wakipokezana. Nahodha ametaka kila mwenye mikono, na watu wa tanuri pia. Ana haraka. Pembeni mwa maji barafu nyembamba imeanza kutanda kama utando wa maziwa. Ghuba ikifunga, tutakaa hapa mpaka kiangazi.

Mabula amekuja na raba. Zile za turubai alizonunua Kariakoo. Nilisubiri aje kwangu, hakuja. Serahangi akamuuliza yako wapi mabuti. Akajibu ni mazito, yanamchosha. Alinitazama mimi alipokuwa anajibu. Nimecheka sana.

Alhamisi, 24 Septemba

Raba tena. Maji mpaka juu ya vifundo, kutwa nzima. Anaimba. Kila akipokea ubao anautukana ukoo wangu, mtu mmoja mmoja, na watu wa kijiji wanacheka bila kujua maneno. Amefika kwa mjomba wangu wa Kisarawe. Sijui nani alimwambia habari za yule mjomba.

Bibi mmoja wa pale alimwonyesha miguu kwa kidole na kusema maneno mengi. Mabula akamwinamia, "Shikamoo mama." Yule bibi hakucheka. Akaja kwangu, akasema maneno yale yale, akaondoka.

Jioni nilifungua sanduku. Niliyashika mabuti kabisa. Kisha nikakumbuka zile kokwa juu ya mto, nikafunga. Neno lenyewe dogo. Kwa nini asiliseme?

Ijumaa, 25 Septemba

Mlima wa barafu umepinduka katikati ya ghuba. Ulikuwa umetulia, mara ukajigeuza, upande wa chini ukaja juu, wa buluu iliyokolea, unatiririka maji. Wimbi likasukuma mashua mbili mpaka kwenye mawe. Sehemu iliyokuwa imejificha ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile tuliyokuwa tunaiona siku zote.

Mabula leo hakuimba. Anatembea kama mtu aliyekanyaga magodoro. Nilimuuliza miguu vipi. Akasema jana iliuma sana, leo haiumi hata kidogo. Nimefurahi kusikia hivyo. Zimebaki mashua nne za mbao, halafu basi, nitampa mabuti yake hata asiposema.

Jumamosi, 26 Septemba

Hakuamka kwenda kazini.

Raba ilibidi zikatwe kwa kisu. Mguu wa kushoto umevimba, una malengelenge, lakini una rangi ya mguu. Wa kulia mweupe kama mshumaa, kutoka vidoleni mpaka kwenye kifundo. Nimeugusa. Mgumu. Nimeugonga kidogo kwa kucha, kama ninavyogonga ubao kuangalia kama umekauka. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mkono ulifanya wenyewe.

Nilikimbia nikaleta mabuti. Nikasimama nayo mbele ya kitanda chake kama mchuuzi. Hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi. Mabula akayatazama, akanitazama. Akasema, "Asante, bwana."

Hakucheka. Alisema kama mtu anavyomwambia karani dirishani.

Siku nne nimelisubiri neno lile.

Jumapili, 27 Septemba

Wamempeleka hospitali kwa machela. Daktari anasema wa kushoto utapona. Wa kulia utakatwa, lakini si leo. Lazima asubiri mguu wenyewe uonyeshe mpaka wake, ulio hai uishie wapi na uliokufa uanzie wapi. Majuma kadhaa. Meli haina majuma kadhaa.

Ofisa wa kwanza ameniita. Kijitabu mezani. Alinisomea maneno yangu mwenyewe, nitakuzika, nitakuanika. Akataka nikiri kwamba niliiba mabuti kwa chuki. Nilijaribu kumweleza. Nikasema kwetu mtani anaweza kuingia kwako akala chakula chako, akavaa shati lako, na siku ukifa ndiye anayekuja kukuchezea msibani mpaka wenye kulia wacheke. Akaniuliza, kwa hiyo mlikuwa marafiki au maadui? Kiingereza changu hakifiki huko, na Kiswahili chake cha Tanga hakifiki pia.

Akaenda hospitali kumuuliza Mabula, na mimi nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia. Mabula akasema, "Huyu ndugu hana kosa. Mabuti niliyaacha mwenyewe."

Ndugu. Tangu nimjue nimekuwa chura, fisi, mke wa mzee fulani wa Kisarawe. Ndugu sijawahi kuwa. Heri angenishitaki.

Alhamisi, 1 Oktoba

Tumeng'oa nanga. Nilipewa saa moja kwenda kumuaga. Chumba kina joto, dirisha linatazama maji. Yule bibi wa ufukweni alikuwepo, anamlisha mchuzi wa samaki. Aliponiona akaweka bakuli chini, akatoka.

Nilimwomba Mabula radhi. Nililia, sikuona aibu. Akasema hapana neno, mambo ya Mungu. Akaniomba nimfikishie salamu mke wake, Mama Kulwa, pale Temeke. Akanitakia safari njema. Kila neno lilikuwa safi, limepigwa msasa.

Daktari alichukua buti la kushoto akaliweka chini ya kitanda, atakapopona atalivaa. La kulia akanirudishia mkononi. Nimelirudisha chini ya randa.

Jumamosi, 3 Oktoba

Bahari kuu. Milima ya barafu inazidi kupungua. Leo mmoja tu, mbali, umeliwa na maji pembeni umekuwa kama meza ya mguu mmoja. Nimeutazama mpaka ukapotea.

Nimewaza kutwa. Kwetu ukificha viatu vya mtani, atakwenda pekupeku mpaka sokoni, watu watacheka, atarudi na vumbi mpaka magotini. Hilo ndilo kosa langu. Nilibeba mchezo wa mchangani nikauchezea kwenye barafu. Na yeye alibeba ule ule. Mtani akikasirika ameshindwa, akilalamika ameshindwa. Basi hakukasirika. Alisimama majini anaimba, kwa sababu aliniamini kwamba ni mchezo.

Alhamisi, 10 Desemba

Nyumbani Mtoni tangu juzi. Zena amenona, anasema mimi ndiye nimekonda. Joto limenipiga kama mgeni.

Leo nimekwenda Temeke kwa Mama Kulwa. Nilimweleza yote, na tende, na sanduku, na raba. Sikujipunguzia. Alikuwa anachagua mchele, akaendelea kuchagua. Akauliza, "Alikwambiaje mara ya mwisho?" Nikasema alinishukuru, akanitakia safari njema.

Hapo ndipo aliposimamisha mkono juu ya ungo.

"Alikushukuru?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kaumia kweli." Wala hakunitukana, na yeye ni Mnyamwezi kama mume wake. Nimerudi kwa miguu mpaka Mtoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa mwiko.

Jumapili, 18 Julai 1954

Barua ya Mabula imefika. Meli ya kwanza ya kiangazi imeitoa. Mama Kulwa hajui kusoma, akaniita mimi. Nimesoma kwa sauti barazani kwake. Mguu ulikatwa Novemba, shibiri moja chini ya goti. Kidonda kimefunga. Anatembelea magongo. Wamemfundisha kutengeneza nyavu. Anamsalimu mama, watoto, majirani kwa majina. Mwisho kabisa: mwambieni ndugu Athumani namsalimu sana.

Athumani ni mimi. Imebidi nilisome hilo nalo kwa sauti.

Nimepita Keko nikatafuta kipande cha mninga kilichokauka vizuri, hakina fundo. Shibiri moja chini ya goti. Urefu wa goti lake naujua, tulikuwa tunalala vitanda vinavyotazamana. Kwa upana wa wayo ninalo buti.

Jumamosi, 14 Agosti

Mguu umekwisha. Kikombe cha juu nimekichimba kwa patasi nyembamba, nimekitandika ngozi ya mbuzi. Wayo unaingia kwenye buti bila kusukuma. Mafundi wenzangu wanapita, wanaushika, wanasema kazi ya Mungu. Mmoja akauliza nauza. Nilimjibu vibaya, nimejuta.

Jumanne, 21 Septemba

Mabula amerudi. Mwaka kamili tangu siku ya bibi mwenye kanga nyeupe.

Alikuja Mtoni mwenyewe, kwa magongo mawili, na mke wake. Alipiga hodi, akasubiri akaribishwe. Mabula! Mtu aliyekuwa anaingia kwenye chumba changu cha melini kwa kupiga teke mlango. Akaketi. Akamuuliza Zena habari za nyumbani. Akanywa chai kikombe kimoja, alipoongezwa akasema inatosha, ahsanteni.

Nikamletea mguu. Aliugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ngozi. Akasema, "Kazi nzuri, bwana. Usingejisumbua." Nikamwomba radhi tena, nikamwomba mara ngapi sijui. Akasema yamepita. Wakati wa kuondoka aliuegemeza ukutani, akasema atatuma mtu auchukue.

Zena anasema mwache, apumzike. Mimi najua si uchovu.

Jumanne, 28 Septemba

Hajatuma mtu. Mguu upo ukutani, nauona nikila, nauona nikiswali. Jana nimempelekea unga, juzi samaki. Anapokea kwa mikono miwili. Sitaki mikono miwili.

Leo Mama Kulwa alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia mume wako amekataa kunisamehe. Akanitazama kama anayetazama mjinga.

"Wewe ndo uloacha kwanza," akasema. "Tangu siku ile umempa tusi gani? Unamletea samaki na machozi. Unamfanya mgonjwa wako."

Nimefikiri njia nzima. Ni kweli. Tangu tarehe 26 Septemba ya mwaka jana sijamwita hata panya. Nilikaa nangoja yeye aanze, kama nilivyokaa nangoja aseme lile neno. Safari hii pia nimemwachia yeye asimame majini.

Lakini nitamtania nini mtu niliyemkata mguu? Naogopa. Nimekaa na hofu hii tangu alasiri na haipungui.

Alhamisi, 30 Septemba

Nimekwenda Temeke asubuhi. Mabula alikuwa barazani na majirani wawili, anakunywa uji. Sikumwamkia. Nilisimama uani, nikasema kwa sauti: "Wee Mnyamwezi, mguu wako uko kwangu siku ya tisa leo. Umekaa tu ukutani, haufagii, hauchoti maji, chakula unangoja. Umerithi tabia ya mwenyewe."

Jirani mmoja akainamisha kichwa. Mwingine akasema, "Astaghfirullah," akanitazama kama nimemtemea mtu mate. Mama Kulwa alikuwa mlangoni.

Mabula hakuinua macho. Alinywa uji, akameza, akanywa tena. Nikageuka nikaondoka. Nilitoka jasho mpaka Mtoni.

Nimeharibu. Nilikuwa na ndugu mwenye adabu, sasa sina hata huyo.

Ijumaa, 1 Oktoba

Nilipotoka kuoga nikakuta kiatu kimoja kizingitini. Viatu vyangu vya Ijumaa, vya ngozi, nilivyonunua kwa mshahara wa ile safari. Cha kulia kipo. Cha kushoto hakipo.

Nikatazama ukutani. Mguu hakuna. Magongo mawili yameegemea pale pale ulipokuwa.

Zena alikuwa amekaa chini, anafuta macho kwa ncha ya kanga, anacheka hata hawezi kusema. Akanieleza vipande vipande. Mabula kaingia bila hodi. Kanywa chai yangu, birika zima, kala na mkate. Kaufunga mguu, kazunguka uani mara tatu, kasema seremala gani huyu, umeinama kama mnara wa Kisarawe. Kisarawe hakuna mnara. Kamuuliza Zena aliwezaje kuishi miaka yote hii na chura. Kisha kajaribu viatu, kachukua kimoja, na hicho kingine kasema hakina matumizi kwake. Nikikitaka cha kushoto, niende nikaseme bwana wangu mbele ya watu.

Nimekwenda. Majirani wale wale barazani. Nikasimama uani nikasema, "Bwana wangu." Mabula yupo kitini, kanyoosha mguu wa mninga mbele watu wauone, na kiatu changu kwenye ule mwingine kimesuguliwa kinang'aa. Akaweka mkono sikioni. Akasema masikio yaliganda kule, hasikii vizuri. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akaniambia nirudi Ijumaa ijayo, labda yatakuwa yameyeyuka.

Nimetoka hapo mpaka Keko pekupeku. Mchanga ulishakuwa na moto, nilikuwa natembea pembeni kwenye majani, nikichoka narudi njiani. Wenzangu waliniuliza viatu viko wapi. Nikasema ni vizito, vinanichosha. Nimepiga randa mpaka adhuhuri, nikaenda kuswali, nikarudi kazini.

Nyumbani kuna ndara chini ya kitanda. Sikuzivaa. Kiatu cha kulia nimekiacha kizingitini, kama alivyokiweka.